Mkato wa Chini

Mama Wembe alikuwa na namna yake ya kufungua pakiti ya sigara, na mtaa mzima uliijua. Hakuanzia juu kama watu wengine, pale ilipobandikwa stempu ya ushuru. Aliigeuza pakiti kichwa chini, akapitisha wembe kwenye mshono wa kitako, mara moja tu, kisha akafungua mkunjo kwa ukucha na kuzitoa sigara zote ishirini, akizitia kwenye kopo la bati alilokuwa akiuzia moja moja. Karatasi ya kung'aa ya ndani aliiacha humo humo ili pakiti isinywee. Kitako alikikunja tena vizuri, akairudisha pakiti kwenye rafu iliyokuwa nyuma yake, uso ukitazama barabara. Ungesimama pale kaunta ungeapa kwamba haijaguswa.

Alikuwa na sababu zake. Mteja akiona pakiti tatu zimesimama kwenye rafu kama yatima, anadhani mwenye duka yuko mbioni kufunga. Akiona ukuta mzima umejaa nyekundu na kijani, ananunua kwa moyo mkunjufu, hata kama anachotaka ni sigara moja na kiberiti. Tena kabla ya duka Mama Wembe alikuwa fundi cherehani kwa miaka kumi na mitano, na ile kazi ya kufumua mishono ya watu ilimwachia mkono usiojua kuchana kitu. Karatasi iliyoraruliwa hovyo ilimkera kweli kweli. "Mtu anayefungua pakiti kwa meno," alikuwa akisema, "ukikaribishwa kwake usile." Jina lilimpata hapo kwenye wembe, ingawa wapo waliosema limetokana na ulimi wake, na hao nao hawakukosea sana.

Rafu ikijaa, pakiti za zamani zilishushwa kwenye gunia chini ya kaunta. Kila Jumamosi mume wake alilibeba gunia hadi shimo la taka nyuma ya nyumba na kuzichoma. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake dukani, na hakuwa na nyingine. Zamani alikuwa dereva wa lori, mpaka mgongo ulipomgomea njiani na wenzake wakamrudisha nyumbani amelala juu ya mifuko ya saruji. Tangu siku hiyo alikuwa mtu wa redio na kiti cha uani, mpole, maneno yake ya kuhesabika. Mama Wembe hakumruhusu kushika kaunta kwa kuwa hakujua kusema hapana. Mtu akija kuomba njiti ya kiberiti, alipewa boksi zima na kusindikizwa mpaka mlangoni.

Sheria mpya ya bidhaa za tumbaku ilipopita, wenye maduka wa mtaa ule walinuna. Mama Wembe alifurahi peke yake, na furaha yake ilikuwa na jina. Iliitwa Nafuu.

Nafuu alikuwa mwanamume mmoja pale kituo cha mabasi, mwenye meza ya kukunja na sauti ya tarumbeta. Aliitwa hivyo kwa sababu ndilo neno alilolitangaza kutwa nzima. Aliuza sigara kwa bei ambayo mtu aliyelipa ushuru haiwezi hata akiwa anaota. Watu wakasema ni za magendo, zimevushwa mpakani bila kulipiwa chochote. Wengine wakasema zinasokotwa kwenye stoo fulani kwa tumbaku iliyofagiwa sakafuni. Huenda wote walisema kweli. Kabla Nafuu hajaja, kopo la Mama Wembe lilikauka kila siku kabla ya magharibi. Sasa lilikaa siku tatu, sigara zikapoteza harufu, na yeye akapoteza usingizi. Duka lile ndilo lililokuwa likiwalisha. Ndilo lililonunua dawa za mgongo wa mume wake na kumsomesha binti yao wa mwisho chuoni. Watoto wawili wakubwa walikwisha kushika maisha yao.

Kwa hiyo maafisa wa ushuru walipoitisha semina kwenye ukumbi wa shule, Mama Wembe alifika wa kwanza na kuketi mbele. Afisa aliyefundisha alikuwa dada mmoja mdogo wa umbo, sauti kavu, asiyecheka ovyo. Akaeleza kwamba kila pakiti sasa ina stempu yenye namba yake, na simu yoyote inaweza kuisoma. Wakala wa jumla akiuzia duka, mashine inaandika namba zile zimekwenda duka gani. Atakayekutwa na pakiti isiyo na stempu, au yenye stempu ya kughushi, mali yake itateketezwa, leseni itaondoka, na yeye mwenyewe atafikishwa mahakamani.

"Na kifungo kipo?" Mama Wembe aliuliza.

"Kipo, mama. Hadi miaka mitatu."

"Miaka mitatu tu?"

Ukumbi ukacheka. Yeye hakucheka. Alisimama, akajifunga kanga vizuri kiunoni, na kueleza habari za Nafuu tangu siku ya kwanza ya meza yake, bei zake, wateja aliowachukua, na kikohozi cha kila aliyevuta bidhaa zake. Alieleza kwa robo saa nzima. Waliokaa nyuma wakaanza kupiga soga. Afisa alimvumilia, kisha akamaliza kifungu kilichobaki haraka haraka, Mama Wembe akiwa bado anapokea pongezi za jirani na kusema, "Si nimempa yake? Nimempa!" Halafu soda zikagawiwa.

Kijitabu cha sheria alikipeleka nyumbani. Alikisoma uani jioni ile ile, akiwa na miwani mpya aliyoletewa na mume wake miezi miwili nyuma. Mume alisema amepata kijikazi cha kumwelekeza njia dereva mgeni. Ilikuwa miwani nzuri, ya fremu nyembamba, na tangu aipate Mama Wembe alikuwa haachi kusoma, hata maandishi ya kwenye mfuko wa chumvi. Alisoma kifungu kwa kifungu. Alipofika kwenye adhabu za wauza bandia akasoma mara mbili kwa sauti ili na mume wake asikie, kisha akafunga kijitabu ameridhika. Zilikuwa zimebaki kurasa nne.

"Umesikia, baba watoto?"

"Nimesikia," mume alisema, akapunguza sauti ya redio, ingawa haikuwa juu.

Wiki mbili baadaye fundi mwashi aliyekuwa akijenga ukuta wa jirani aliingia dukani anakohoa, akatupa pakiti juu ya kaunta. "Mama Wembe, nisaidie. Nimenunua kwa Nafuu. Pakiti ni yenyewe, stempu ni yenyewe, nimepiga na simu imekubali. Lakini ndani ni maranda ya mbao!"

"Nani alikutuma kwa Nafuu?"

"Mfuko."

"Basi mfuko ndio uvute." Lakini mkono wake ulikwisha kuichukua ile pakiti. Akavaa miwani. Stempu ilikuwa ya kweli, haina shaka, nzima bila hata alama. Akachomoa sigara moja, akaivunja. Fundi hakutia chumvi: ilikuwa na vijiti ndani, na kitu kama nyasi. Akaigeuza pakiti, akaishika karibu na macho. Kitako kilikuwa kimekatwa, kisha kikagundishwa. Mkato ulinyooka kama umepigwa rula.

"Hee," alisema, na ndani ya hasira yake mlikuwa na heshima kidogo. "Mwizi huyu ana mkono, jamani. Angekuja kwangu zamani ningempa cherehani."

Namba ya bure ya maafisa ilikuwa ukurasa wa nyuma wa kijitabu. Aliipiga pale pale, fundi mwashi akiwa shahidi, akazungumza mpaka simu ikapata moto. Alisema anataka hatua zichukuliwe, na zichukuliwe hadharani.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, gari la serikali lilisimama mbele ya duka. Aliteremka yule afisa mdogo wa umbo na askari mmoja aliyebeba boksi. Mama Wembe alitoka nje ya kaunta mikono imenyooshwa. Mtaa ulikuwa unatazama, naye alitaka utazame.

"Karibu, mwanangu, karibu! Mmemkamata?"

"Tumemkamata jana," afisa alisema. "Shikamoo, mama."

"Marahaba! Kaa hapa. Baba watoto, lete kiti kingine!"

Mume alikuja na kiti kutoka uani, akakiweka, akarudi nyuma na kusimama mlangoni. Afisa hakukaa. Alimwomba askari aweke boksi juu ya kaunta, akatoa pakiti moja moja na kuzipanga mstari, nyekundu, kijani, nyekundu, kijani. Zilifika arobaini na mbili.

"Hizi zote tumezikuta kwa yule bwana. Stempu ni za kweli, ndani ni bandia. Mama, wewe unanunua kwa wakala gani wa jumla?"

Mama Wembe akamtaja, yule wa ghala la bluu karibu na soko.

"Ndivyo mashine inavyosema." Afisa alifungua karatasi. "Namba hizi arobaini na mbili zote ziliuzwa na wakala huyo. Na zote ziliuzwa kwa duka moja."

"Duka gani hilo?" Mama Wembe aliuliza kwa ukali, tayari kulikemea duka hilo.

"Hili."

Mama Wembe aligeuka kuitazama rafu yake. Afisa akaigeuza pakiti moja kitako juu. Halafu ya pili, halafu ya tatu.

"Naomba unifungulie pakiti moja mpya, mama. Kama unavyofungua siku zote."

Angeweza kuichana. Angeweza kujifanya anaanzia juu, pale penye stempu, kama dunia nzima. Alifikiri hivyo baadaye, usiku mzima alifikiri hivyo. Lakini mkono wa fundi hauombi ruhusa. Wembe ulipita kwenye kitako, mara moja, na alipoiweka pakiti ile kando ya zile arobaini na mbili, mikato ilikuwa ya mkono mmoja. Askari alikohoa. Mama Wembe akakumbuka alivyomsifu mwizi mbele ya fundi mwashi, na aibu ikampanda kutoka miguuni.

"Mimi siuzi bandia," alisema.

"Sijasema unauza. Kifungu cha kumi na tisa unakijua?"

Hakukijua. Kilikuwa kwenye zile kurasa nne. Afisa alimsomea kwa sauti yake kavu, bila kuchoka na bila kukasirika, na hilo lilimuumiza Mama Wembe zaidi kuliko kama angefoka. Muuzaji akifungua pakiti lazima stempu ichanike. Pakiti tupu lazima iharibiwe. Pakiti yenye stempu nzima ikikutwa na sigara bandia, muuzaji aliyeinunua atahesabiwa mshiriki, isipokuwa aonyeshe ilipita mikononi mwa nani baada yake. Mshiriki hufungiwa duka siku hiyo hiyo na hunyimwa leseni kwa miaka mitano.

"Miaka mitano," Mama Wembe alirudia. Ukumbini miaka mitatu alikuwa ameiona michache.

"Leseni ni ya jina lako, kwa hiyo ninakuuliza wewe. Pakiti zako tupu huenda wapi?"

"Zinachomwa!" Nguvu zilimrudia. "Kila Jumamosi, hakuna hata moja inayobaki. Mume wangu ndiye anayechoma, mwulize, huyo hapo. Au sema mwenyewe, baba watoto. Bora twende shimoni mkaone. Njooni."

Aliongoza njia. Walipita chumba cha nyuma, magunia ya sukari na madumu ya mafuta, wakatoka uani, wakazunguka kamba ya nguo. Mume alifuata nyuma yao polepole kwa ajili ya mgongo. Shimo lilikuwa pale pembeni ya ukuta, lina majivu ya kutosha. Mama Wembe akalionyesha kwa mkono wazi kama mtu anayemkaribisha mgeni sebuleni.

Afisa aliokota kijiti, akachuchumaa, akaanza kukoroga. Majani, maganda, soli ya kiatu, kifuniko cha chupa.

"Mama, ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ikichomwa inakuwaje?"

"Haiishi, hiyo. Inasinyaa tu, inabaki vipande vipande vyeusi…" Kisha naye akachuchumaa, akamnyang'anya afisa kijiti bila kujua anafanya nini, akakoroga mwenyewe. Alikoroga upande huu na upande ule. Alichimba mpaka kwenye majivu ya mwezi uliopita yaliyoshikana kwa mvua. Aliingiza mkono, mkono ule wenyewe, akachambua kwa vidole. Hakukuwa na hata kipande kimoja.

Hakugeuka. Hakutaka kumwona mtu aliyesimama nyuma yake, kwa sababu akimwona tu jambo lenyewe litakuwa limekwisha kuwa kweli.

"Afisa," alisema mwishowe, "nipe dakika tano na mume wangu."

"Tano, mama. Nitakuwa dukani."

Waliingia jikoni. Mama Wembe alifunga mlango, akasimama ameuegemea, majivu yamemjaa hadi kwenye viwiko.

"Nani?"

"Alikuja mwenyewe," mume alisema. "Siku moja nimekwisha mimina gunia, sijawasha. Akasema, mzee, mbona unachoma vitu vizuri hivi, nitakupa kitu kidogo. Akawa anakuja kila Jumamosi na baiskeli."

"Nafuu."

"Mwanzo sikujua ni Nafuu. Mimi siendi kituoni."

"Na baadaye?"

Mume alitazama sakafu. "Uliponisomea kile kijitabu nilijua."

"Na bado ukampa?"

"Jumamosi mbili."

"Hukumwuliza anazipeleka wapi?"

"Sikutaka kujua, mama watoto. Huo ndio ukweli."

Alitaka kumpigia kelele. Kelele zilikuwapo, zimejaa kifuani, alizoea kuzitoa kwa mtu aliyechukua pipi moja zaidi. Hazikutoka. "Mimi nimesimama ukumbini," alisema kwa sauti ndogo. "Mbele ya watu wote. Nimeomba wafungwe zaidi ya miaka mitatu. Nikarudi nikakusomea, na wewe umekaa hapo kwenye kiti chako unanisikia."

"Sema gunia liliibwa," mume alisema. "Waambie liliibwa, hujui na nani. Nani atabisha?"

Neno lile lilikuwa jepesi, na lilimvuta. Gunia limeibwa. Duka lingebaki, mume angebaki, mtaa usingejua kitu. Lakini Nafuu alikuwa mikononi mwao tangu jana, na Nafuu hakuwa mtu wa kumfia mwingine. Na hata Nafuu asingesema, yeye Mama Wembe angefunguaje mdomo kesho kumsema mtu kwa uongo, na asipowasema watu dukani angekuwa nani?

"Ulifanya nini na hicho kitu kidogo?" aliuliza. "Maana nyumbani sijakiona."

Mume aliinua macho, akamtazama usoni, na aliendelea kutazama mahali pale pale mpaka Mama Wembe akaelewa anachotazama.

Aliivua miwani polepole.

"Ulikuwa unashika mfuko wa dawa mbali na macho, unakisia," mume alisema. "Kila kitu ninachovaa umeninunulia wewe. Ninachokula, dawa, hata betri za redio. Hunisimangi, sisemi unanisimanga. Lakini nilitaka siku moja na mimi nikupe kitu mkononi, uvae, watu wakuone nacho."

Hasira ilimjaa Mama Wembe, halafu huruma, halafu hasira tena kwa sababu ya ile huruma. Kwa zaidi ya miezi miwili alikuwa akijigamba kwa miwani ile kwa kila mteja. *Mume wangu huyo. Mgongo mbovu, moyo haujambo.* Miwani ile ndiyo aliyousomea mkato wake mwenyewe asiutambue.

"Ungeniambia unataka kazi," alisema.

"Ungenipa ipi?"

Mama Wembe aliufungua mlango.

Dukani afisa alikuwa amekaa sasa, karatasi ndefu mbele yake kwenye kaunta, kalamu tayari. Mama Wembe aliiweka miwani kando ya karatasi, mikono yake imekunjwa, akaanza kusema. Alisema kila kitu kwa mpangilio, bila kupamba na bila kulia: wembe, kopo, rafu, gunia, Jumamosi. Alisema nani alilibeba gunia. Alisema nani aliyelipokea na baiskeli. Mume alisimama mlangoni na hakumkatiza. Afisa alipouliza kama ndivyo, mume alisema ndivyo, na kwamba yuko tayari kumtaja huyo bwana mbele ya hakimu.

"Na miwani andika," Mama Wembe alisema. "Ilinunuliwa kwa hicho hicho kitu kidogo alicholipwa."

"Haitahitajika, mama. Tukianza kukusanya miwani hatutamaliza." Afisa aliandika mistari ya mwisho, akaifuta kalamu kwenye kiganja. "Sikilizeni. Kwa kuwa umeeleza mwenyewe, duka sitalifunga. Sigara hutauza mpaka kesi iishe, vingine endelea. Mzee atafika ofisini kesho saa tatu. Mimi siwezi kukuahidi atakachopewa, lakini anayejitaja na kumtaja mnunuzi sheria inamwangalia kwa jicho jingine. Haya, soma maelezo yako, kisha utie sahihi."

Mama Wembe aliivuta karatasi. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Sioni."

"Si miwani yako hii?"

"Siivai."

Afisa alimtazama, akamtazama mume, akashusha pumzi. "Mimi ndiye niliyeandika, siruhusiwi kukusomea, na askari yuko upande wangu. Lazima mtu mwingine. Nimwite jirani?"

Nje majirani walikuwa wamejaa, fundi mwashi akiwa mbele yao na mwiko mkononi. Wangefurahi kuitwa.

"Huyu atasoma," Mama Wembe alisema, akimwonyesha mume wake kwa kidevu.

"Mama, yeye ndiye anayetajwa humu."

"Ndiyo maana. Nimesema mwenyewe hayo maneno, nayajua. Akiruka hata moja nitajua."

Mume alikuja hadi kaunta. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kusimama upande ule, wa mwenye duka. Aliinua karatasi kwa mikono miwili na kuanza kusoma kwa sauti, taratibu, kama alivyokuwa akisoma zamani karatasi za mizigo. Alisoma jina la mke wake kamili, ambalo mtaa haukulijua. Alisoma wembe, kopo na rafu. Kisha akafika kwenye gunia. "Kila Jumamosi nilimkabidhi mume wangu pakiti tupu azichome," alisoma. "Sikwenda kuangalia kama amezichoma. Nilimwamini."

Hapo alisimama.

"Rudia hapo," Mama Wembe alisema. "Sikusikia."

Alisikia, na afisa alijua amesikia. Mume alirudi mwanzo wa mstari, akausoma wote tena hadi neno la mwisho, safari hii kwa sauti ya kufika nje. Kisha akasoma yaliyobaki, baiskeli na Jumamosi zile mbili za mwisho alipokuwa amekwisha kujua, hadi nukta. Hakuruka kitu.

Aliilaza karatasi juu ya kaunta na kuigeuza upande wa mke wake.

"Wapi?" Mama Wembe aliuliza.

"Hapa." Mume aliweka kidole chini ya mstari, akakishikilia pale, na Mama Wembe akatia sahihi kando ya kidole hicho.